Upepo Chumbani kwa Mama

Kaka yangu,

Sisi tupo, na jua nalo lipo. Paa nimelipaka chokaa upya lisishike joto, kama ulivyoniagiza, maana ile ya zamani mvua ilishaiosha. Fundi ametoboa matundu juu ya ukuta wa chumba cha Mama ili hewa ya moto itokee huko, na dirisha la upande wa jua nimelitundikia mkeka. Jirani ananicheka, anasema nimeipaka nyumba poda.

Daktari alisema joto ndilo linalomzidishia Mama ugonjwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikalishikilia neno hilo la daktari. Jana mchana upepo ukapita kweli, pazia likacheza.

Nikamwambia, "Mama, umeona? Nyumba imepoa."

Akasema, "Nimeona, mwanangu. Sasa nifunike, nasikia baridi."

Nilimfunika mablanketi mawili, nikamsugua miguu, haikupata moto. Daktari alipokuja alimshika mkono kitambo, kisha akaniambia niwaite ndugu wote.

Kaka, usiniulize tena habari za paa. Panda gari uje, ingawa sijui kama utamkuta.

Mdogo wako