Maharagwe ya Mkwe Kaja

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa na umeanza tena kuwafokea mbuzi wa jirani, maana wewe ukinyamaza ndipo tunapojua unaumwa. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakuamkia, na watoto wanauliza kwa nini bibi yao hapendi simu. Nimewaambia kuna maneno hayapiti kwenye simu, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Kazi yangu bado ni ileile ya ghala la mbegu. Najua ukiulizwa husema nafungia punje kwenye friji, na kusema kweli hujakosea sana. Chumba chenyewe ni baridi hata tunaingia na makoti mawili. Mbegu zimo kwenye pakiti, pakiti zimo kwenye droo za chuma, na kila pakiti ina namba yake. Kila baada ya miaka kadhaa tunatoa chache, tunazipanda na kuvuna mpya, kwa sababu mbegu, hata ukiilaza vipi, huzeeka kama sisi.

Miezi mitano iliyopita nilikabidhiwa pakiti ya maharagwe iliyokusanywa huko kwetu kabla sijazaliwa. Nilipoyamimina kwenye sahani nikasahau hata kuhesabu. Punje nyeupe, bapa kidogo, kila moja na doa jekundu upande mmoja, kama shavu lililopakwa rangi. Shangazi, yalikuwa Mkwe Kaja! Yale ya Bibi, ambayo ulikuwa ukisema mkwe akionekana kwenye kona unabandika chungu, na akimaliza kunawa mikono chakula kiko mezani. Nikalitaja jina kwa sauti. Mkuu wetu, tunayemwita Miwani kwa kuwa huitafuta miwani yake ilhali ameivaa, akaja mbio. Kwenye daftari la ghala palikuwa na namba tu, na maneno machache: haragwe la kutambaa, limetolewa na mwanamke mmoja, bakuli moja. Huyo mwanamke najua ni nani, nawe unajua. Nani mwingine kama si Bibi angempa mgeni asiyemjua bakuli zima?

Zilikuwa zimebaki punje arobaini. Zikaota kumi na moja. Miche ikapanda waya vizuri kitaluni, ikatoa maua, kisha maua yakapukutika yote. Miwani akabadilisha mbolea, akapima udongo, akapunguza maji. Maua yakaja tena, yakapukutika tena. Akatuambia kwamba tukikosa mavuno, hakuna pakiti nyingine mahali popote.

Ndipo nikakumbuka ulivyonikaripia nilipopanda mstari wangu wa maharagwe peke yake juani. Ulisema, “Mkwe hasimamishwi juani, mtafutie mwenyeji!” Ukaing'oa miche yangu na kuipanda upya katikati ya mtama. Miaka yote hiyo nilidhani ulikuwa utani wako tu. Nikamweleza Miwani, huku nikiona haya mbele ya wasomi wale. Akauliza nani alisema hivyo. Nikajibu, “Shangazi yangu.” Akasema, “Basi tumtii shangazi.”

Tukaleta mitama iliyokuwa imerefuka kwenye ndoo, tukawazungushia wakwe zetu wenyeji. Maua ya mara ya tatu yakashika. Miwani akanifafanulia kwa nusu saa nzima kwamba ua la haragwe lile haliwezi joto, na kwamba kivuli cha mtama ndicho kilicholiokoa. Nikamwambia wewe uliyaeleza hayo kwa sentensi moja. Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Tumevuna punje mia tatu na kumi na sita. Kwenye daftari sasa pameandikwa Mkwe Kaja, na jinsi ya kuyapanda, na aliyetufundisha: jina lako, la baba yako na la babu yako. Nimeliandika kwa mkono wangu. Asante, Shangazi. Asante kwa kunilea, na kwa kila mara uliyoniburuta shambani nikinung'unika.

Sasa kaa chini kwanza.

Unakumbuka nilipokwenda chuo ulinipa kopo la Mkwe Kaja, umeyachanganya na jivu, ukaniambia nikipata hata kipande cha uwanja nipande. Mwaka uliofuata yako yalibunguliwa yote, ukaniandikia nikurudishie kidogo. Nilikujibu kwamba yalioza ndani ya kopo kwa kuwa hayakukaushwa vizuri. Dada aliniambia baadaye kwamba ulikwenda kaburini kwa Bibi ukalia, ukimwomba radhi kwamba mbegu yake imefia mikononi mwako.

Hayakuoza. Niliyapika. Wiki ya pili tu, wenzangu wa bwenini walilicheka kopo langu na jivu lake, nami nikaona aibu, nikasema ni chakula nilicholetewa kutoka nyumbani. Tukayaosha, tukayala, wakayasifu kwa kuiva upesi. Yalikuwa makavu kama kokoto, Shangazi. Uliyakausha vizuri. Hukukosea lolote. Mimi ndiye niliyekula mbegu ya Bibi, kisha nikakutwika lawama, nikakuacha uibebe miaka kumi na tisa.

Siombi unisamehe upesi. Nimeomba likizo, nitakuja wakati wa kupanda. Ukianza na jembe au ukianza na maneno, vyote nitavipokea.

Wasalimie Dada na shemeji, na jirani mwenye mbuzi pia, maana yeye naye nataka agawiwe, na kila mwenye shamba hapo, tusije tukaiweka tena mbegu katika nyumba moja.

Muuguzi wa zahanati yenu, aliyekuletea barua hii, ana bahasha nyingine ndogo mfukoni. Nilimwomba asikupe mpaka umalize kusoma. Ndani mna punje sitini. Mwambie umemaliza.

Ni mimi mwanao,
Kifaranga