Siku Haruna Alipokunywa Rosela

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yustina Mikaeli. Umri: miaka 22. Kabila: Mmwera. Dini: Mkristo. Kazi: mwanafunzi wa chuo. Makazi: Mtanda, Lindi. Yameandikwa kituo cha polisi, Wilaya ya Kilwa, tarehe 11/06/2024, saa kumi na moja jioni.

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika shirika linalosaidia vikundi vya akina mama kuanzisha biashara. Mwenzangu ni Haruna Nassibu, tunasoma pamoja. Tulipangiwa kitongoji cha Mikorosho Miwili, njia ya Likawage, tufundishe kutengeneza juisi ya maua ya rosela ya kuuza.

Leo mnamo saa nne asubuhi tulikuwa uani kwa mwenyekiti wa kikundi, Bi Mwanaasha. Juisi ilikuwa tayari kwenye chupa, nyekundu kabisa. Dawa ya kuzuia isiharibike tulikuwa tunaipima kwa bomba la sindano, maana hatukuwa na kipimo kingine. Haikutupitia akilini kwamba bomba lile litamtisha mtu.

Jirani mmoja alikuja kuazima jembe. Aliona bomba, akaona chupa, akageuka bila kuaga. Bi Mwanaasha akatuambia tufungashe tuondoke, kwani tangu wiki iliyopita watu wanasema mumiani wameingia, wanawanyonya watu damu. Haruna alicheka, akataka tumalizie kubandika lebo. Mimi nilishaanza kuogopa ila nilinyamaza, nisionekane mwoga.

Haukupita muda uani kukajaa watu wenye mapanga na magongo. Wengi wao niliwapa shikamoo asubuhi ile ile na wakaitikia. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo damu ya nani?"

Haruna alisema ni rosela. Ili waamini, akafungua chupa akanywa. Alidhani anawatoa hofu. Midomo na meno yake yalikuwa mekundu. Mama mmoja akasema taratibu, "Anainywa mbele yetu."

Jiwe lilimpata begani. Alikimbilia kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, peku, na watu nyuma yake. Bi Mwanaasha alinisukuma katika chumba cha kuwekea mihogo, akakaa mlangoni. Nilimsikia akigombana nao kwa Kimatumbi, kisha akasema kwa Kiswahili, "Anayemtaka mwanangu huyu aanze na mimi." Nilijikojolea. Nasema kwa sababu afande ameniambia nieleze yote. Nilibaki humo mpaka mtendaji wa kijiji alipokuja na gari akanileta hapa.

Haruna hajaonekana. Amevaa fulana ya njano ya shirika. Akisikia sauti asizozijua hatatoka, hivyo naomba wanaomtafuta wamwite kwa jina na wamwambie Yustina yuko hai.

Simu yake ninayo mimi, alinipa nimshikie. Mama yake anapiga kutoka Rondo. Sijapokea. Naogopa.

Nimesomewa niliyoyasema na ndivyo ilivyokuwa. Zaidi ya hapo sijui.

Sahihi: Y. Mikaeli

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Rashidi. Askari waliokwenda Mikorosho Miwili bado hawajarudi. Shahidi alipokuwa akisaini, simu iliita tena, akaisukuma kwangu. Nimeipokea. Mama huyo alidhani mimi ni mwanawe, akaniuliza kama nimeshakula.