Mtani Aliyetuambia Tukae Chini

Ujiji, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepungua kubana na usingizi umeanza kurudi, japo kwa vipande. Baba anakula? Na mke wa mjomba, je, bado yuko nawe hapo Ipuli, au amekwisha kurudi Goweko kwenye nyumba ile tupu? Mimi ni mzima wa mwili. Nimerudi darasani. Wanafunzi wananifutia ubao kabla sijawaomba, na wasichana wa mbele wananiangalia kama wanavyoangaliwa wagonjwa. Ninaishi palepale, isipokuwa siku hizi naenda shuleni kwa njia ya juu, isiyopita ufukweni.

Uliniambia kwa simu, "Andika, mwanangu. Maneno ya simu kila mtu huyabeba anavyotaka." Najua wazee watakaa kabla ya ibada ya kumaliza matanga, na kwamba mjomba mkubwa ameshatamka: nahodha Hamisi asikanyage Goweko, maana ndiye aliyemuua mdogo wenu. Hamisi naye anaomba kuja. Kwa kuwa nilikuwamo botini, mnataka neno langu. Nitalitoa, ingawa nimeliandika na kulifuta mara nyingi, na hata sasa sijui kama nililoliona ndilo lililokuwapo.

Unakumbuka jinsi mjomba Maganga alivyolitamani ziwa hili. Msimu mzima alikuwa akinipigia simu kutoka shambani: "Mwalimu, tumbaku ikishauzwa nakuja kuvua samaki anizidi urefu." Akaja kweli, yeye na wenzake wawili wa kwaya, wameshuka kwenye treni na kapu la viazi na kuku mmoja aliyechoka kuliko wao. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa Hamisi, jirani yangu, ambaye hukodisha boti kwa watu wanaotaka kwenda kuvua kwa kujifurahisha. Niliwahi kupanda boti yake pamoja na wageni wa shule, nikamwona alivyo mkali. Mgeni mmoja alipokataa kufunga jaketi okozi, Hamisi aligeuza boti akaturudisha ufukweni bila kubishana.

Asubuhi ile mjomba alimsalimu kwa sauti ya kwetu, "Wangaluka!", na Hamisi, ambaye ni Muha, akacheka hata akashika tumbo.

"Kumbe Wanyamwezi! Leo nimeletewa watumwa wangu."

"Mtumwa ni wewe," mjomba akamjibu. "Babu yako alimpikia babu yangu uji tangu hapa mpaka Tabora, na bado hatujamruhusu aondoke."

Ikawa hivyo, mama. Hamisi alitugawia majaketi, akatuonyesha jinsi ya kukaza mikanda, akasema tukae chini muda wote, na kwamba samaki akinasa, mmoja tu ndiye amvute. Wengine wasikimbilie upande wake kuangalia, maana boti ni nyepesi. Yote aliyasema. Lakini aliyasema kwa mtani wake, na maneno yakatoka yamevaa nguo za utani.

"Kaza huo mkanda, Mnyamwezi. Ukizama, mkeo na baiskeli yako ni vyangu."

"Baiskeli chukua. Mke hakuwezi, wewe unanuka dagaa."

Wanakwaya walikuwa wakifuta machozi kwa kucheka. Mjomba alivaa jaketi, akanyoosha mikono kama mchungaji anayebariki, kisha jua lilipopanda akalivua na kulikalia. Hamisi akamwambia avae. Mjomba akasema makalio yake nayo hayajui kuogelea. Hamisi akamwambia tena, safari hii bila kutabasamu, "Vaa, mtani. Ziwa halina utani na mtu." Mjomba akatugeukia: "Mnamsikia? Muha anaogopa maji ya kwao!"

Tulipofika mbali upepo wa kusi ukaanza kuvuma. Haukuwa mkubwa. Hamisi akasema tukunje mishipi turudi, na hapohapo mshipi wa mjomba ukakaza. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile. Alisimama. Wenzake wakaruka upande wake wamwone samaki. Hamisi akapiga kelele, "Kaeni chini! Kaeni chini nyote!" Na mjomba, mgongo umemwelekea, akajibu kwa furaha, "Unamtaka samaki wangu, mtumwa wewe!" Watu wakacheka. Wimbi likaja kutoka upande tusiouangalia, boti ikainama, mjomba akaenda majini.

Hamisi alitupa boya, kisha akajitupa mwenyewe. Alimpata, mama. Hilo nataka mjomba mkubwa alisikie: alimpata, akamshikilia kichwa juu ya maji, akawa anamwita kwa jina lake, si kwa matusi ya utani. Tulimvuta ndani, Hamisi akamkandamiza kifua mpaka tulipogusa mchanga. Hakurudi.

Sasa mnaniuliza nani wa kulaumiwa. Kila mwaka nawafundisha watoto habari za misafara iliyopita hapa kwenda kwetu: namna mpagazi, mbali na ndugu zake, alivyohitaji mtu wa kabila jingine atakayemlisha, atakayemtukana bila ugomvi, na atakayemzika akifia njiani. Naufundisha utani kama ngao. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukosa kusikia sauti ya hatari kwa sababu imetoka kinywani mwa mtani wake. Mtani haamrishwi, wala haamrishi; ukimtii umeshindwa. Kama Hamisi angekuwa mgeni kwetu, mjomba angefunga mkanda kwa adabu, kama anavyovua kofia ofisini. Na kama mjomba angekuwa mgeni kwa Hamisi, boti ingegeuzwa.

Hapo ndipo ninaposhindwa. Boti ilipaswa kugeuzwa. Nahodha ni nahodha hata mbele ya mtani wake, na sitamfichia hilo. Lakini nikisema "alimuua," neno linakataa kukaa. Labda ninamtetea kwa kuwa ni jirani yangu. Labda kwa kuwa mimi ndiye niliyewakutanisha, natafuta kosa lisilo na mwenyewe. Wazee wanijue hivyo wanaponisikiliza.

Polisi walimhoji wakamwachia. Boti ameifunga, haendi ziwani. Juzi alikuja kibarazani kwangu na kofia ya mjomba, ile ya kijivu. Ilikuwa imebaki chini ya kiti cha boti. Hakutaka kukaa.

"Mwalimu," akasema, "kwetu na kwenu, siku ya kumaliza matanga mtani humwigiza marehemu. Avae kofia yake, atembee kama yeye, watu wacheke, msiba uondoke. Mimi nitamwigiza vipi? Nilimjua asubuhi moja tu."

Nikamwambia hakuna atakayemdai hilo.

"Siogopi kupigwa," akasema. "Nataka nisimame mbele ya dada yake niseme nilipaswa kugeuza boti. Lakini wanajua mimi ni mtani. Nikifungua mdomo tu, watacheka."

Mama, hilo ndilo neno langu kwa wazee, na sina jingine lililo na uhakika kuliko hilo: mwacheni aje. Wewe ulimbeba Maganga mgongoni kabla hujanibeba mimi, nawe ukikataa, nitamwambia abaki, na sitakuuliza sababu. Ukikubali, tutapanda treni pamoja, na kofia nitaileta mwenyewe.

Mfikishie baba heshima zangu, na bibi aliye Isikizya, umwambie naendelea kula. Mwambie mke wa mjomba kwamba namkumbuka kila ninapopiga magoti. Wanakwaya wale wawili, wakija hapo, uwape maji ya kunawa na usiwaulize kitu, wamekwisha kujiuliza. Mjomba mkubwa nampa shikamoo kwa magoti yote mawili.

Na siku hiyo, mama, Hamisi akisimama, nakuomba ukae mahali ambapo watu wote wanauona uso wako. Wakianza kucheka, watakuangalia wewe kwanza.

Mimi mwanao, ninayekulilia kwa mbali,
Veronika