Kanga wa Gaspard

Runingu, tarehe 20 Machi 1964

Kwako shemeji yangu Gaspard, huko Lubarika ulikokimbilia na hasira yako,

Ninakusalimu kwa mikono miwili, maana kwa mukono mumoja utasema tena nimekuzarau. Magoti yanaendelea namna gani? Na dada yangu Pétronille, angali anakuvumilia? Mungu amuongezee nguvu. Huku tuko wazima. Mihogo imekubali, bibi yangu wa ndoa Libérate ananikaripia kama kawaida, na minye ningali na meno sita, yote ya mbele.

Habari ya kwanza: mujukuu wangu Sabine anaolewa nyuma ya Pasaka! Bwana ni Cyprien, fundi wa viatu wa Kasenga, kijana mupole anayeogopa hata mbuzi. Nimewaahidi watu wake nyama ya pori, nao wameanza kumeza mate. Lakini nyama iko wapi, shemeji? Tangu uende, wavu wetu unaning'inia nyumbani mwangu. Wawindaji wanasema hautatandazwa mpaka weye ukamate ncha yako na Niyonsaba, muwindaji mwenzetu uliyegombana naye, ya kwake, maana wavu wa ugomvi haushiki hata panya.

Habari ya pili: karani wa territoire, ile ofisi ya wilaya, alikuja kutusomea sheria ya kuwinda, kama tulivyomuomba. Alivaa soksi ndefu, akasoma Kifaransa mpaka mbwa wakalala, kisha akatupatia Kiswahili chake. Bunduki, hapana, zimekusanywa kwa sababu ya waasi na hazirudi. Kuchoma majani, hapana. Wavu, mbwa na mitego ya kamba, ndiyo. Na ndege wa kuita wenzake? Alitafuta katika karatasi mbele na nyuma, akasema haikukatazwa. Basi ulishinda, Gaspard. Yule kanga wako, kuku wa pori uliyemulea tangu yai ili aite wenzake karibu na kitunga chake, weye umejificha na rungu, iko halali kabisa.

Lakini unanijua. Nilisimama nikasema sheria haina aibu, muntu ndiye anayo. Nyama anayekimbia mbwa ana miguu yake, anaweza kutushinda na kutucheka. Kanga anayeitwa anakuja kwa kumupenda mwenzake. Kumupiga ni kama kumualika muntu kwa pombe kisha kumuvunja kichwa mulangoni. Wengi walipiga makofi. Niyonsaba hakupiga. Alisema yeye pia hapendi ndege wa kuita, lakini afadhali Gaspard, anayeua mbele ya macho yake, kuliko yeye Niyonsaba, ambaye mitego yake inanyonga nyama siku mbili na yeye amelala na bibi yake. Kisha akaniuliza kama nimesahau yule mbawala aliyeingia wavuni mwetu, ambaye niliona ana mimba na nikamuchoma mukuki. Sikusahau. Niliketi.

Huyo ndiye muntu uliyemuita mwizi! Siku kanga wako alipopotea ulimutukana mbele ya watoto wake, eti amekuibia kwa wivu, ukafunga mizigo. Hakukurudishia tusi hata moja.

Sasa keti chini, na umuambie Pétronille akae karibu akushike.

Ni minye.

Ile siku ya Mungu, mulipokuwa misani, nilisema ninaumwa tumbo. Nikaenda kwako, nikafungua kitunga, nikamuambia kanga: sisi tulipata uhuru mwaka wa sitini, na weye pata wako leo. Hakuutaka. Alitoka, akaniangalia kama muntu anayengoja chakula, akanifuata nyuma nyuma mpaka mashambani. Nilimufukuza kwa kofia, akarudi. Tulipofika penye majani marefu karibu na muto, akaanza kuita. Shemeji, wakatoka! Kumi na mumoja, wanene, wakikimbia na vichwa mbele kama wamama wanaosikia samaki wamefika. Nilikuwa na fimbo yangu ya kutembelea. Ninakuapia, mukono sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, mara mbili.

Nilikula wote wawili kabla misa haijaisha, mulango umefungwa, tena mu Kwaresima, na chumvi nikaongeza. Walikuwa watamu, Gaspard, utamu wa kuudhi. Kisha nikasimama mbele ya karani kufundisha watu aibu!

Kanga wako nilimuficha katika kibanda cha shamba la mihogo. Juzi Libérate alimukuta huko, akakuta na manyoya ya wale wawili. Hakupiga kelele. Alisema tu niandike hii barua kabla ya siku ya Matawi, ama ataandika yeye, na yeye alisoma kunishinda.

Jana nilikwenda kwa Niyonsaba nikamuambia yote. Alizungusha macho nyumbani mwake, nikafikiri anatafuta panga. Halafu akauliza kama nilimuachia hata paja, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini juu yako hakucheka. Amesema tusi lile watoto wake walilisikia, basi ni wao wanaopaswa kusikia neno lingine kutoka kinywa kile kile.

Kwa hiyo njoo, shemeji. Utamuomba musamaha mbele ya watoto wake, na minye nitasimama hapo hapo niombe wangu kwako, tena kwa sauti, watu wanicheke. Ncha yako ya wavu inakungoja. Kanga wako iko muzima, anamaliza mutama wangu. Ukitaka aite tena, sitasema neno. Ila unijulishe siku, nikae nyumbani, maana huu mukono siuamini tena.

Umusalimie dada yangu, watoto, na yule mbwa wako mwenye sikio moja. Libérate anawasalimia, anasimama mulangoni kuona kama ninamaliza.

Minye shemeji yako, mwizi wa ndege,

Antoine Nyandwi