Silanga ya Tatu

Abti Abdi,

Salamu zikufikie chini ya mchanga wa Ijara, Mungu akunurishie kaburi. Ni mimi mjomba wako Dubow, Abti kwako kama wewe mpwa wangu ulivyo Abti kwangu, na kwa mvi hizi zote bado hakuna mwanaume wa hapa anayeniweza. Tangu homa ikuchukue, mwalimu, sina mtu wa kunikosoa kwa adabu.

Unakumbuka ulivyonifundisha Kiingereza kwa mbuzi? Ukashika yule mweupe, ukasema "big". Wa jirani, "bigger". Beberu la mama yako, "biggest". Mimi niliacha shule mapema nikafuata ngamia, lakini somo hilo liliingia mara moja, hata wewe ulishangaa. Ila nilipenda neno la mwisho tu. Simba niliyemfukuza kwa kiatu, biggest. Mafuriko ya Tana niliyovuka na ndama wa ngamia shingoni, biggest. Ulicheka mpaka chai ikamwagika, ukaniambia, "Abti, hilo la tatu halisemwi mpaka uwe umeona zote."

Sasa nimeona zote.

Mvua imekosa tena. Zamani wewe ndiye uliyetumwa mbele kutazama maji na malisho, na sisi tukihama kwa neno lako. Safari hii nimetumwa mimi. Silanga ya kwanza, bwawa la kukinga mvua, ilikuwa kavu, lakini nikichimba napata unyevu. Ya pili ilikuwa kavu zaidi, nimechimba hadi kwapani, vumbi tupu. Ya tatu, ile ya upande wa msitu, haina hata tope la kukumbuka maji. Korongo wenye kipara, wale wanaosubiri mizoga, wamesimama ndani, wengi, nawarushia mawe hawaruki. Wananitazama tu. Ngamia wangu alikataa kusogea. Dry, drier, driest. Nilisema kwa sauti, peke yangu, nikaogopa sauti yangu.

Nikarudi nikawaambia wazee, polepole, bila chumvi. Wakacheka. Mzee Bare akasema, "Dubow, kwako hata kikohozi ni kikubwa kuliko vyote duniani." Ati dereva wa lori la mbuzi ameona mawingu upande ule wa silanga ya tatu. Nikaapa. Wakasema huyu huapa kila siku. Wewe ungesema mara moja tu, Abti. Mara moja.

Leo tunahamia huko huko silanga ya tatu; kina mama wamebomoa vibanda, fito na mikeka viko juu ya ngamia. Mama yako anaimba akifunga kamba. Nimemwambia dada yangu huyo ukweli, akanipiga bega kwa shuka, akacheka na yeye. Mwanao amelala mgongoni kwake. Korongo wawili wametua hapa zizini tangu asubuhi. Sijamwonyesha mtu.

Pumzika, Abti. Mitungi yote niliyoipata nimeijaza maji yaliyobaki hapa, nimeifunika kwa mkeka, wanadhani ni nguo zangu. Mimi niliyezoea kutangulia, leo nitatembea nyuma kabisa, nyuma ya mama yako na mtoto wako. Hili sikuapii, nakuahidi tu: nikikuta mtu ameketi njiani, sitampita.