Siku Soko la Ndalu Lilipoanza Tena

Wairimu mjukuu wangu,

Sisi huku Kiminini tuko salama. Babu yako kikohozi kimemwacha, na mahindi yamefika kiunoni.

Uliniuliza kwa simu tuliwezaje kuishi tena na majirani baada ya vile vita vya mashamba. Ya vita nitayaacha. Nikuambie ya soko.

Tuliporudi nyumbani, soko la Ndalu lilikuwa tupu, watu wanaogopana. Mimi nilikuwa msichana bado. Tulikaa na mama na sukuma wiki yetu, peke yetu, asubuhi nzima. Kisha akaja Mama Nekesa, Mbukusu wa upande wa pili wa vita, tuliyepakana naye shamba, akatandika gunia la viazi vitamu kando yetu.

Mama akamuuliza, "Huogopi watu wenu watasema?"

"Naogopa sana. Lakini wakituona wawili, si wa tatu atakuja?"

Siku hiyo hakuja mtu. Wakabadilishana, sukuma kwa viazi, tukaenda nyumbani.

Baba alikuwa ameapa hatagusa chakula cha watu hao. Jioni alikitazama kiazi kwa muda mrefu, akakila chote, halafu akasukuma sahani kwa mama: "Kimebaki kingine?"

Nakukumbuka sana, Wairimu mama.

Bibi yako, Cucu