Taa za kabati la zamani

Mwanaamina, yule jirani yangu Nadine aliwahi kuniuliza, "Mama Firdausi, shamba langu la Kumsenga limeandikwa wapi hapo ofisini kwenu kwa ardhi? Shemeji zangu wanalitaka." Nikamjibu limo kwenye kabati la diski zinazotunza kumbukumbu, kwenye chumba ninachofagia mwenyewe.

Shoga, sikiliza.

Leo fundi Lukmani kaweka draiva mpya, yaani programu, kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Yeye ndiye alinifundisha kwamba draiva ndiyo inayoionyesha seva diski zake na kuzipa namba, kupitia zile nyaya nyembamba za mwanga. Kabati la zamani ni namba moja, lina kumbukumbu za mashamba yote. Jipya ni namba mbili, tupu.

Akasema, "Sasa naisafisha namba mbili, naifuta yote iwe tayari." Akabonyeza.

Wallahi zikawaka taa za kabati la zamani. La zamani, Mwanaamina! Jipya kimya kabisa.

Nikamwambia, "Mwanangu, mbona linalohangaika ni hili?"

Akacheka. "Mama, wewe shika ufagio wako. Nimeandika namba mbili."

"Na hiyo draiva mpya, uliiangalia kama imezipa namba zilezile?"

Kicheko kikakatika. Akabonyeza kusimamisha, akabonyeza tena. Taa zinaendelea tu, astaghfirullah, nami nimesimama naziangalia.

Nikamuuliza, "Nakala nyingine ya mashamba ipo?"

Hakunitazama. Akavua kitambulisho chake cha kazi shingoni, akakiweka juu ya seva, akatoka.